Wauguzi wapya wanahama kabla hawajazoea wodi: hospitali ya wilaya inaweza kufanya nini?

Muuguzi Mfawidhi, Kanda ya Magharibi

Habari za kazi, ndugu zangu. Mimi ni muuguzi mfawidhi katika hospitali ya wilaya iliyo magharibi mwa Tanzania, mwendo wa saa tano kwa basi kutoka makao makuu ya mkoa, na masika ikikolea hata saa nane hazitoshi. Nimo katika kazi hii kwa mwaka wa 22 sasa. Swali ninalolileta hapa nimekwisha kulipeleka katika vikao vingi, na kila mara nimerudi na maelezo mengi lakini bila jambo moja ninaloweza kulianza kesho asubuhi.

Katika awamu mbili za ajira zilizopita tulipangiwa wauguzi 11. Wawili hawakuripoti kabisa. Tisa waliripoti, tukawapokea kwa furaha na kuwagawa wodi ya wazazi, wodi ya watoto, chumba cha upasuaji na wagonjwa wa nje. Leo ninapoandika wamebaki wanne. Mmoja alipata ruhusa ya masomo, na kusema kweli simtarajii tena. Wawili walihama kwa sababu ya kumfuata mwenza. Mmoja alipata wa kubadilishana naye kutoka Pwani, na huyo aliyekuja badala yake tayari anatafuta wa kubadilishana naye. Wa tano aliacha kazi ya serikali, akaenda hospitali binafsi mjini kwa mshahara ambao, kwa maneno yake mwenyewe, ulikuwa pungufu ya ule aliokuwa akiupata kwetu.

Huyu wa mwisho ndiye anayeninyima usingizi. Tumezoea kusema kwamba wauguzi wanafuata fedha, nami nimelisema hilo mara nyingi mbele ya wakubwa. Sasa huyu alifuata nini?

Yapo mambo yaliyo nje ya uwezo wangu na ninayajua. Mshahara unatoka Hazina, vibali vya ajira na vituo vya kazi hutoka juu, na ikama yetu, yaani idadi ya watumishi tunaostahili kuwa nao, haijawahi kujaa tangu niingie hapa. Siwezi kumwongezea mtu hata shilingi moja katika ngazi yake ya mshahara. Ninachouliza ni yale yaliyo mikononi mwa hospitali yenyewe, yaani mganga mfawidhi, katibu wa afya, mimi na wasimamizi wa wodi: ni jambo gani ambalo mmeliona kwa macho yenu likimfanya muuguzi akae? Naomba wanaojibu waseme walichokifanya au walichofanyiwa, kwa kuwa yale yanayopaswa kufanywa na Wizara tumekwisha kuyasema vya kutosha.

---

Katibu wa Afya Mstaafu

Salaam, Matroni. Nimefanya kazi ya ukatibu wa afya katika halmashauri tatu za Nyanda za Juu Kusini hadi nilipostaafu, na swali lako limenikumbusha mambo ambayo ningependa wenzangu walio kazini wayasikie mapema kuliko nilivyoyajua mimi.

Niliingia kazini miaka ya 1990, wakati serikali ilikuwa inapunguza watumishi na ajira mpya zimefungwa, hivyo wodi nyingi zilibaki na wauguzi walewale wakizeeka pamoja na vitanda. Ajira zilipofunguliwa na mishahara ya serikali ikapanda, hospitali za mashirika ya dini ndizo zilizoumia, kwa sababu wauguzi wao walihamia kwetu kwa makundi. Mwaka 2007 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule tuliouita MMAM, uliolenga zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Majengo yalikwenda mbio, watumishi wakabaki nyuma. Nayasema haya ili ieleweke kwamba upungufu wenyewe ni wa zamani na hauwezi kumalizwa na matroni mmoja. Kumpoteza mtu ambaye tayari ameshuka kwenye basi na barua yake mkononi ni jambo jingine kabisa, na hilo kwa sehemu kubwa tunalisababisha wenyewe.

Nitaeleza kisa kimoja kilichonifundisha. Jioni moja, saa kumi na mbili imekwisha kupita, aliteremka kwenye basi binti mmoja, muuguzi wa ajira mpya, akiwa na godoro lililofungwa kwa kamba, ndoo yenye vyombo na begi moja. Afisa utumishi alikwisha kwenda nyumbani, mimi nilikuwa safarini, na hakuna aliyekuwa ameambiwa kwamba anakuja. Mlinzi wa getini alimwonea huruma akampeleka wodi ya wanawake, na akalala kitanda cha mwisho karibu na mlango wa choo. Asubuhi niliporudi nilimkuta nje ya ofisi yangu, amevaa sare yake nyeupe iliyopigwa pasi sijui wapi. Msimamizi wa wodi aliniambia baadaye kwamba kitanda alicholalia alikiacha kimetandikwa kwa pembe, kama tulivyofundishwa chuoni.

Posho yake ya kujikimu haikuwepo kwenye bajeti, kwa hiyo tulimwahidi. Taarifa zake za mshahara zilichelewa kuingizwa, kwa hiyo alikaa miezi mitatu akikopa unga dukani. Hakupaza sauti hata siku moja. Ombi lake la uhamisho lilipofika mezani kwangu nililipitisha, nikamwambia mganga mkuu kwamba vijana wa siku hizi hawapendi vijijini. Miaka imepita, na sentensi hiyo ni miongoni mwa mambo ninayojutia katika utumishi wangu wote.

Katika halmashauri niliyomalizia kazi tulibadilisha mambo machache. Nyumba moja ya watumishi iliyokuwa inakaliwa na mtu mmoja tuliigawa, vyumba viwili tukaviacha viwe vya wageni wa ajira mpya kwa miezi mitatu ya kwanza: kitanda, chandarua, meza, jiko dogo la gesi, ndoo mbili, na ufunguo ukikaa kwa mlinzi wa zamu, si kwa afisa ambaye huenda amesafiri. Tulikubaliana na mama lishe aliye mkabala na geti kwamba mgeni atakula kwa daftari hadi mshahara wa kwanza. Posho ya kujikimu tuliiweka kwenye bajeti kabla hatujajua tutapangiwa nani, kwa sababu kwamba tutapangiwa mtu lilikuwa jambo la hakika. Taarifa za mshahara ziliingizwa siku ileile ya kuripoti, na mimi mwenyewe nilikaa na yule kijana hadi fomu ya mwisho ikakamilika. Gharama yote ilikuwa ndogo kuliko semina moja ya siku tatu mjini. Waliokuja baada ya hapo hawakubaki wote, lakini maombi ya kuhama ndani ya mwaka wa kwanza yalipungua mno, na hata walioondoka walituaga.

---

Mkunga Aliyehama

Shikamoo mzee wangu, shikamoo Matroni.

Nimesita siku mbili kabla ya kuandika, kwa kuwa mimi ni mmoja wa hao mnaowazungumzia, ingawa sikutoka kwenye hospitali yako, Matroni. Kwenye fomu yangu ya uhamisho niliandika kwamba ninamfuata mwenza. Hilo lilikuwa kweli kwa maana ya kwamba ninaye mume na cheti cha ndoa ninacho, lakini mume wangu ni fundi umeme na alikuwa amekwisha kukubali kuja kuishi kule nilikokuwa. Fomu haina mahali pa kuandika sababu niliyokuwa nayo.

Ilikuwa usiku wa Jumamosi. Wodi ya wazazi tulikuwa wawili, mimi na mhudumu wa afya mmoja, na kabla ya saa sita tulikuwa na akina mama watatu wenye uchungu pamoja na wengine waliokwisha kujifungua, baadhi yao wakilala wawili kitanda kimoja. Mama wa kitanda cha kwanza alijifungua salama, kondo likatoka, nikamchoma oksitosini, dawa ya kuzuia kutoka damu, kisha akaanza kutoka damu kwa kasi. Nilikuwa nakanda tumbo la uzazi kwa mkono mmoja na kumpigia daktari wa zamu kwa simu yangu mwenyewe kwa mkono wa pili, salio likakatika tukiwa katikati ya maneno. Mhudumu alikimbia kumgongea mlango. Katika dakika hizo mama wa kitanda cha tatu alimzaa mtoto wake, na mikono iliyompokea ilikuwa ya mama mkwe wake, kwa kipande cha kanga. Mimi nilikuwa hatua nne tu kutoka pale na sikuweza kusogea, kwa sababu ningeondoa mkono wangu yule wa kwanza angekufa.

Wote wanne walipona, akina mama wawili na watoto wao, na hadi leo namshukuru Mungu. Asubuhi kwenye ripoti nilisimama na gauni lenye damu iliyokauka, nikaulizwa swali moja mbele ya wote: kwa nini patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, ya kitanda cha tatu haikujazwa? Nilijibu kwamba nilikuwa peke yangu. Nikaambiwa kwamba hilo siyo jibu la kitaalamu. Hakuna aliyeuliza tulikuwa wangapi na wagonjwa walikuwa wangapi, wala hakuna aliyeuliza kama nimekunywa maji. Nilirudi nyumbani nikaanza kutafuta mtu wa kubadilishana naye siku hiyohiyo.

Jambo la pili, ambalo ni dogo zaidi lakini lilinichosha kila wiki, ni orodha ya zamu. Iliandikwa kwa penseli. Ulikuwa unaondoka kazini ukijua kesho ni mapumziko, unapigiwa simu saa moja asubuhi kwamba jina lako limesogezwa. Niliacha kuahidi mtu chochote. Nilikosa mahari ya mdogo wangu kwa sababu ya ufutio.

Hospitali ninayofanyia kazi sasa si tajiri kuliko ile, nayo ni ya halmashauri vilevile na mshahara wangu ni uleule. Tofauti ni kwamba orodha ya mwezi hubandikwa tarehe 20 ya mwezi uliotangulia, kwa kalamu ya wino, na anayetaka kubadilishana zamu anatafuta mwenzake, wote wawili wanasaini. Yupo muuguzi wa pili wa kuitwa usiku, anayeishi ndani ya uzio, na simu ya wodi ina salio linalowekwa na hospitali. Na kwenye ripoti ya asubuhi swali la kwanza daima ni: usiku mlikuwa wangapi, na wagonjwa wangapi? Patografu inaulizwa baadaye, na sasa naijaza.

---

Afisa Utumishi wa Halmashauri

Poleni kwa yaliyowapata. Pamoja na hayo, naona tunakwepa suala la nidhamu. Mtumishi anaajiriwa kwa masharti na anasaini kwamba atafanya kazi popote atakapopangiwa. Halmashauri zingesimamia kwa uthabiti kwamba hakuna uhamisho kabla ya miaka mitatu, na anayekwenda masomoni arejee kituo chake au arudishe gharama, tatizo hili lingepungua kwa nusu. Huruma peke yake haijazi ikama.

---

Muuguzi wa Kenya, sasa Birmingham

Hamjambo. Mimi nilifanya kazi miaka tisa katika hospitali ya kaunti nchini Kenya kabla ya kuja Uingereza, kwa hiyo nimeliona jambo hili pande zote mbili.

Ndugu Afisa Utumishi, ninakuheshimu, lakini nimeishi ndani ya utaratibu unaoutamani. Huduma za afya zilipogatuliwa kwenda kwenye kaunti mwaka 2013, wengi wetu tulijikuta hatuwezi kuhama kwa urahisi kutoka kaunti moja kwenda nyingine, na kupandishwa cheo kukawa kunategemea kaunti uliyokuwemo siku ile. Tulibaki kwenye orodha ya malipo, lakini tuligoma mwaka 2017 kwa takriban miezi mitano, kuanzia Juni hadi Novemba, na wagonjwa wetu waliumia katika kipindi hicho kwa namna ambayo sitaisahau. Kisha mlango wa nje ukafunguka: mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano kuhusu wauguzi na wahudumu wengine wa afya. Waliokuwa wamezuiliwa ndani ya kaunti zao walikuwa wa kwanza kuomba, nami nilikuwa mmoja wao. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 yenye nchi 55 ambazo watumishi wao wa afya hawapaswi kuvutwa na nchi tajiri kwa kampeni za ajira, lakini orodha hiyo haimzuii muuguzi mwenyewe kuomba kazi.

Matroni ameuliza yule kijana alifuata nini. Swali hilohilo liliulizwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wauguzi walikuwa wamepungua karibu kila mahali huku hospitali chache zikiwa na wauguzi wa kutosha na wasiotaka kuondoka. Chuo cha wanazuoni wa uuguzi cha nchi hiyo kilizichunguza hospitali 163 na mwaka 1983 kikatangaza 41 kati yake zilizokuwa na sifa ya kuwavuta wauguzi kama sumaku, ndiyo maana hadi leo zinaitwa hospitali za sumaku. Kilichozitofautisha ni kwamba kiongozi wa wauguzi aliketi kwenye meza ya maamuzi, zamu zilipangwa kwa kumjali mtu, muuguzi mgeni alikuwa na wa kumlea, na muuguzi wa wodi alikuwa na sauti juu ya matunzo ya mgonjwa wake. Mshahara ulikuwemo katika mazungumzo yao, lakini haukutosha kueleza kwa nini watu walibaki.

Dada Mkunga, kuhusu usiku ule wako, naomba ujue kwamba sayansi iko upande wako. Utafiti ulioongozwa na Linda Aiken katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa juu ya mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30, na la asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi mwenyewe kuchoka hadi kuishiwa moyo wa kazi. Hesabu ile haikuhusu wodi zenye mzigo kama wako. Wale walikuwa na wagonjwa wanne hadi wanane kwa muuguzi. Wanaposema kwamba kuwa peke yako siyo jibu la kitaalamu, wanakosea kitaalamu.

Nimalizie na jambo moja ninalolipata hapa ambalo halihitaji utajiri mkubwa. Wiki zangu za kwanza wodini sikuhesabiwa katika idadi ya zamu. Nilifuatana na muuguzi mmoja mzoefu, jina lake likiwa kwenye orodha pamoja na langu, na kazi yake ilikuwa kunionyesha dawa zinakaa wapi, daktari gani anapenda kuitwa mapema, na fomu gani isiyosamehewa. Kule nyumbani usiku wangu wa pili kazini niliachiwa wodi ya watoto.

---

Mkufunzi wa Chuo cha Uuguzi

Nimesoma yote kwa makini. Nina machache ya kuongeza, na moja la kutokubaliana.

Muuguzi mwenzetu wa Birmingham anasema kumwacha mgeni nje ya hesabu ya zamu hakuhitaji utajiri. Kwa hospitali yenye wauguzi watatu katika wodi nzima kunahitaji utajiri mkubwa sana, nao ni utajiri wa watu. Wiki mbili nadhani zinawezekana, hasa mkipanga mgeni aripoti wodini kwanza zamu ya asubuhi, ambayo ndiyo yenye watu wengi. Zamu ya usiku kabla ya wiki ya tatu isiwepo kabisa. Hapo nisingelegeza.

Kuhusu kuwavuta, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuwapata na kuwabakiza watumishi wa afya vijijini mwaka 2010 na kuuhuisha mwaka 2021. Jambo linaloungwa mkono na ushahidi mwingi humo ni hili ambalo bibi zetu wangeweza kutuambia: aliyekulia kijijini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kufanya kazi kijijini. Mwongozo huo pia unasisitiza kwamba hatua moja peke yake haifui dafu. Nyumba, malezi ya kikazi, nafasi ya kusoma na malipo viende pamoja. Malawi ilipoanza mpango wake wa dharura mwaka 2004 iliwaongezea mishahara watumishi wa kada 11 kwa asilimia 52, lakini papo hapo ikapanua vyuo vya mafunzo.

Sasa, Matroni, angalia ndani ya hospitali yako mwenyewe. Sina shaka kwamba unao vijana wanaojitolea, waliohitimu stashahada, wenye leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, wanaosubiri ajira wakiwa wanaishi kwa wazazi wao humohumo wilayani. Wengine wanapewa nauli, wengine hawapewi kitu. Hao tayari wana nyumba, wana mashamba ya mihogo, wanaijua lugha ya wagonjwa, na mama zao wanaabudu pale. Katika hospitali nyingi wanafanya zamu kamili kwa mwaka mzima, kisha nafasi zinapotangazwa wanapangiwa mkoa wa mbali, na nyinyi mnapangiwa mgeni kutoka huko walikokwenda. Bodi ya hospitali ikikubali, baadhi yao wanaweza kupewa mikataba inayolipwa kwa makusanyo ya ndani, na katibu wa afya akaandika barua ya kuwaombea wapangwe hapo ajira zinapotoka. Barua hiyo haitafanikiwa kila mara. Nimeshuhudia ikifanikiwa.

Ndugu Afisa Utumishi hajakosea kwa kila jambo. Mkataba wa kurejea kituoni baada ya masomo ni halali, na hata mwongozo niliotaja unaukubali pale unapoambatana na ufadhili. Lakini anayerejea akute kazi inayolingana na shahada aliyoipata. Nimefundisha wauguzi waliorudi na shahada wakakaa miaka wakisubiri kubadilishiwa muundo, yaani kuingizwa kwenye ngazi ya wenye shahada, wakilipwa kama walivyoondoka na wakipangwa zamu zilezile. Hao hawahitaji kushawishiwa sana ili waondoke.

---

Muuguzi Mfawidhi, Kanda ya Magharibi

Nawashukuru nyote. Dada Mkunga, ujumbe wako niliusoma kwa sauti mbele ya wasimamizi wa wodi Jumatatu, bila kusema umetoka wapi. Chumba kilinyamaza. Mimi mwenyewe nimewahi kuuliza swali la patografu kwa namna ileile uliyoulizwa, na ninamkumbuka niliyemuuliza. Yupo bado hapa. Nimekwenda kumwomba radhi.

Baada ya kusoma maandiko yenu nilimpigia yule kijana aliyekwenda hospitali binafsi. Nilidhani angeniambia kuhusu nyumba, au mtandao wa simu, au wakubwa. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Matroni, huku najua Jumapili yangu ni ipi." Yeye ni mwalimu wa kwaya. Kwetu, kwa mwaka mmoja na nusu, hakuna mwezi ambao aliweza kuwaambia wanakwaya wake kwamba atakuwepo. Nilifungua madaftari ya zamu ya kipindi hicho, na ni kweli: jina lake limefutwa na kuandikwa upya Jumapili baada ya Jumapili, na mwandiko ni wangu.

Kwa hiyo tumeanza hivi. Orodha ya mwezi ujao imebandikwa tarehe 20, kwa wino, na nimekataa mabadiliko mawili niliyoombwa na daktari kwa simu. Katibu wa afya amekubali kutenga chumba kimoja. Viwili havikupatikana, kwa kuwa nyumba ya pili ina nyufa. Ufunguo utakaa kwa mlinzi. Ripoti ya asubuhi sasa inaanza na idadi ya wauguzi na idadi ya wagonjwa wa usiku, nasi tunaiandika katika daftari tofauti, ili mwisho wa robo mwaka niipeleke kwenye kikao cha menejimenti ya afya ya wilaya nikiwa na namba badala ya malalamiko. Vijana wanaojitolea kwetu ni sita, wanne wao ni wazaliwa wa hapa, na suala lao linakwenda kwenye bodi mwezi ujao.

Linalonishinda ni muuguzi wa pili wa usiku. Ndani ya uzio wetu wanaishi wauguzi wawili tu, mmoja wao ni mjamzito. Dada Mkunga, naomba unieleze: huyo wa kuitwa huko kwenu analipwaje, kwa posho ya saa za ziada au kwa kupewa mapumziko siku inayofuata? Na akiitwa usiku mbili mfululizo, ya tatu mnafanyaje?

---

Mkunga Aliyehama

Matroni, sisi tunafanya vyote viwili. Akiitwa kabla ya saa sita usiku anaandikiwa posho ya saa za ziada kutoka kwenye makusanyo, na akiitwa baada ya saa sita anapumzika kesho yake, hata kama wodi imejaa. Usiku wa tatu haitwi. Zamu ya kuitwa inazunguka kwa wiki, na wanaoishi nje ya uzio huletwa na gari la wagonjwa likiwa halina safari, au kwa bodaboda mmoja tuliyekubaliana naye anayelipwa na hospitali mwisho wa mwezi. Kwa huyo dada mjamzito, mtoeni kabisa kwenye orodha ya usiku kuanzia sasa, mumwandikie kwa wino ili asiwe na wasiwasi. Nikipata nafasi nitakupigia picha daftari letu la kuitwa nikutumie, majina nikiwa nimeyafunika.